Wifi anataka paka wa mavyaa atupwe Likoni

Assalamu alaykum, Mama Mkubwa.

Mimi naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya ghorofa aliyoiacha bavyaa. Juu tuko mimi, mume wangu na mavyaa. Chini amepanga fundi cherehani. Mume wangu anafanya kazi bandarini, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Nina mimba ya miezi minne, ya kwanza, na tuliingoja sana. Nakwambia haya ujue kwa nini wasiwasi wangu ni mkubwa.

Bavyaa alifariki mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Mavyaa akakaa eda, miezi minne na siku kumi, watu wakiingia na kutoka. Eda ilipokwisha, watu nao wakakatika, na hapo ndipo alipoanguka. Hakuugua kwa kulala kitandani. Alikuwa akiswali, akila matonge mawili matatu, kisha akikaa dirishani upande wa uchochoroni mpaka usiku uingie. Ukimsemesha anakujibu "naam" na "alhamdulillahi", basi. Nilijitahidi kwa uwezo wangu: nilimtoa kazi zote za nyumba. Hapiki, hafui, hatandiki kitanda, hata chai namtilia na sukari namkorogea. Neno alilokuwa akilirudia, lililonitia baridi kila nikilisikia, ni "Mimi nangoja zamu yangu tu."

Masika yalipoingia, paka jike wa kijivu mwenye mistari, mbavu zote nje, akaja kujificha mvua chini ya ngazi yetu. Mavyaa alimsikia akilia usiku. Asubuhi nikamkuta ameshuka ngazi peke yake, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi, amechutama na kisahani cha wali. Akamwita Bamvua, kwa kuwa alikuja siku ambazo bahari imejaa.

Mama Mkubwa, mtu aliyekuwa hatoki dirishani, sasa akishaswali alfajiri anavaa buibui lake anakwenda mwenyewe kwa wauza samaki. Anasimama anagombana bei. Anarudi na vichwa vya changu na dagaa kidogo, anachemsha bila chumvi, anapoza kwa kipepeo cha ukili, kisha anakaa kwenye kibao anatoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja, huku Bamvua akimzunguka miguuni. Juzi nilimsikia anamsimulia paka habari za bavyaa, alivyokuwa akikaa barazani mpaka chakula kinapoa, na anacheka. Nilisimama ngazini nikalia.

Tatizo ni hili. Wifi yangu anakaa Kisauni, na huja kila Ijumaa na mwanawe wa miaka sita mwenye pumu. Ijumaa iliyopita tulikuwa tumekwisha kula, nyumba imefukizwa udi kama desturi, mtoto akaanza kukohoa na kifua kubana. Wifi akamtolea macho paka. Kisha akanigeukia mimi: unyoya wa paka ukikuingia tumboni mimba inatoka, na isipotoka mtoto anazaliwa kipofu. Jirani naye akadakia kwamba paka ana mdudu wa kuua watoto tumboni, kasoma kwenye simu. Wifi ameshapanga kila kitu. Siku mavyaa akienda khitima, paka atiwe kwenye gunia, avushwe feri, atupwe Likoni, na mavyaa aambiwe katoroka. Mume wangu yuko katikati. Yeye kinachomkera ni pesa za samaki, na wenzake wa barazani wameanza kumtania kuwa mamake amekuwa "mama paka".

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mavyaa ana presha na dawa zake ni za kila siku. Wiki iliyopita niliona pakiti haijaguswa. Nilipomuuliza akaniambia, "Bamvua amenitosha. Nikimpapasa moyo unatulia."

Nifanyeje? Sitaki kuipoteza mimba yangu, na sitaki mavyaa arudi dirishani.

Mke wa Mwana, Kibokoni

*

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na Mola aitimize mimba yako kwa salama.

Gunia lirudi jikoni. Paka hatupwi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu naona wifi yako ni mtu wa vitendo, na khitima huko kwetu hazikosekani.

Tuanze na mimba, maana ndiyo iliyokufanya ushike kalamu. Habari ya unyoya kutoa mimba ni maneno ya watu tu. Lakini jirani yako hakusema uongo wote. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplazma, ni kidogo mno hakionekani kwa macho, na paka ndiye anayekitoa kwenye kinyesi chake. Mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza maishani akiwa mjamzito, kinaweza kumfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akadhurika macho na ubongo. Bila shaka ndiko yalikotoka maneno ya upofu. Watu waliyasikia nusu wakayavika unyoya.

Sasa sikiliza nusu ya pili, ambayo simu ya jirani haikumsomea. Paka hukipata kijidudu hicho kwa kula panya, ndege na nyama mbichi, na kwa kawaida hukitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, kisha basi. Kikitoka kwenye kinyesi hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo karai la mchanga likisafishwa kila siku, hatari kubwa imeondoka. Na asilisafishe mjamzito. Hiyo ni kazi ya mume wako au ya mavyaa mwenyewe, na wewe usilione haya kulisema. Kumpapasa Bamvua mgongoni si njia ya kuambukizwa, almuradi unanawa mikono kabla ya kula. Kinachonipa moyo zaidi ni kwamba paka wenu anakula samaki wa kuchemsha. Mavyaa hakukusudia, lakini kwa sufuria lile amekukinga wewe.

Wengi hukipata kijidudu hiki bila kuwa na paka nyumbani. Kiko kwenye nyama isiyoiva, na kwenye mboga zilizoguswa na udongo wenye kinyesi cha paka. Mimi ningehofia zaidi mishkaki ya jioni, ile ambayo nje imeungua na ndani bado inavuja damu, na kachumbari ya haraka ambayo nyanya na kotmiri yake zilipitishwa majini kwa kuhesabiwa. Kliniki yako ikifika, mwambie mkunga kwamba nyumbani kuna paka na uulize kipimo cha damu cha toksoplazma. Kikionyesha kuwa ulikwisha kukipata zamani, kwa kawaida mwili wako una kinga na mtoto yuko salama. Kikionyesha hujakipata, utajua kwamba haya niliyokwambia ni ya kushika kweli kweli. Mtoto akizaliwa, chandarua mtakachomfunikia kwa ajili ya mbu ndicho kitakachomzuia paka asipande kulala naye.

Sasa huyo mtoto wa wifi. Hapa siwezi kumpuuza mama mwenye mtoto anayekosa pumzi mbele ya macho yake. Ukali wake nauelewa. Na ni kweli kwamba paka huwachokoza baadhi ya wenye pumu. Unyoya unasingiziwa tu. Chenye kuwadhuru ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka: hujiramba mchana kutwa, mate yanakauka, yanapeperuka kama vumbi na kukaa kwenye makochi, mazulia na mapazia. Hukaa miezi. Kwa hiyo hata Bamvua akivushwa feri leo, Ijumaa ijayo mtoto ataingia kwenye nyumba ileile yenye vumbi lilelile. Wifi atakuwa amemliza mamake bure.

Lakini barua yako nimeisoma tena. Umeniambia nyumba ilikuwa imefukizwa udi. Mwanangu, moshi wa udi na ubani ni adui wa kifua chenye pumu, na dawa ya mbu ya kuchoma ni vivyo hivyo. Vumbi la magodoro katika hewa yetu hii ya unyevu, nalo limo. Paka amepewa kesi ambayo huenda ni ya chetezo. Fanyeni hivi: Ijumaa ijayo msifukize kabisa. Tangu Alhamisi Bamvua akae darini, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa, foronya na vitambaa vya makochi vifuliwe, madirisha yafunguliwe. Mtoto aje na dawa yake ya kuvuta, na mamake amuulize daktari wake kama anaweza kupimwa mzio. Akiwa mzima, mjue mna pa kushika. Akibanwa tena, na daktari akathibitisha ni paka, basi mtoto anatangulia mbele ya paka, hapo sina mjadala. Lakini hata hapo jibu si Likoni. Mavyaa ndiye atakayepanda matatu Ijumaa kwenda Kisauni kumwona mjukuu wake, na matembezi yale yatamfaa.

Nije kwenye dawa za presha, na hapa nisikilize vizuri kuliko kwote.

Mavyaa hasemi upuuzi. Moyo wake unatulia kweli. Kuna uchunguzi uliofanywa Marekani na mtafiti Karen Allen na wenzake, ukachapishwa 2001. Walichukua madalali wa hisa 48, watu wenye presha na kazi ya roho juu, wote wakapewa dawa ya presha iitwayo lisinopril. Nusu yao wakaambiwa kila mmoja achukue paka au mbwa nyumbani. Baada ya miezi sita walipimwa. Presha ya mtu akiwa ametulia ilishuka kwa wote, wenye wanyama na wasio nao, kwa sababu ya dawa. Lakini walipotiwa kwenye mtihani wa kuwatia wahaka, presha za waliokuwa na wanyama hazikupanda kama za wenzao. Kwa maneno mengine, dawa ilifanya kazi yake na mnyama akafanya yake, na hakuna aliyeshika nafasi ya mwenziwe. Hakuna paka aliyewahi kuwa tembe.

Usimwambie mavyaa "acha ujinga". Mwambie hivi: Bamvua anamtegemea, na mtu mwenye presha akiacha dawa anaweza kupooza ghafla bila onyo. Nani atamtolea paka miiba? Nakuhakikishia maneno haya yatamwingia kuliko ya daktari. Kisha tembe ziwekwe pale anapoweka sufuria la Bamvua, ili asubuhi akishika moja ashike na jingine. Na aende akapimwe wiki hii, kwa sababu hujui ameziacha tangu lini.

Mkifika kwa daktari, usiseme presha peke yake. Mwambie na lile neno la "nangoja zamu yangu". Wazee wetu hulisema hilo kwa njia mbili. Kuna mcha Mungu anayekumbuka mauti akiwa na amani, na kuna aliyechoka na maisha. Aliyenyamaza miezi, asiyekula ila matonge mawili matatu, asiyetoka, ni yule wa pili. Mkiwa peke yenu, muulize kwa upole na bila kuzungusha kama bado anatamani kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa mwanya wa kulitoa. Ikiwa bado limo, au likirudi, huyo ni wa kupelekwa hospitali, pale Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, aonane na watu wa afya ya akili. Dua na kisomo viendelee, havigombani na daktari.

Sasa nikwambie ninavyoiona mimi habari ya paka huyu, maana naona nyumba nzima mnaitazama kwa upande mmoja.

Watu hupenda kusema kwamba mnyama anaponya kwa kupapaswa. Kuna ukweli. Chuo kimoja cha Marekani, Washington State, kilichapisha 2019 kwamba wanafunzi waliocheza na paka na mbwa kwa dakika 10 tu walipungukiwa na homoni ya wahaka mwilini. Na mjane ni mtu ambaye haguswi. Fikiria: kwa miaka mingi mavyaa alilala na mtu ubavuni. Tangu siku ile, anayemgusa ni mwenye kumpa mkono wa pole, na hata hao wamekwisha. Kiumbe chenye joto kikimlalia mapajani jioni si jambo dogo.

Lakini kupapasa peke yake hakukumtoa dirishani. Rudia ulichoniandikia. Ulimtoa kazi zote. Hapiki, hafui, hata sukari unamkorogea. Ulifanya kwa mapenzi, na mavyaa wengi wangemshukuru Mungu kwa mke wa mwana kama wewe. Ila angalia kilichobaki: mwanamke aliyeendesha nyumba na kumuuguza mume, siku moja akaamka hakuna mtu hata mmoja anayehitaji kitu kutoka kwake. Watu walimwambia "pumzika, mama" mpaka akapumzika na uhai wake. Bamvua hakumwambia apumzike. Bamvua alilia njaa. Asubuhi yake lazima mtu ashuke ngazi, atembee mpaka kwa samaki, apigwe na jua, agombane na muuzaji, ajibiwe, acheke, arudi na kupika. Hapo ana mazoezi, ana wenzake, ana ratiba, na ana sababu ya kuamka. Ungempa daktari orodha hiyo angeitia sahihi.

Ndiyo maana hata zile takwimu zinazopendwa kutajwa nazisoma kwa uangalifu. 1980 Erika Friedmann na wenzake walieleza habari za wagonjwa 92 wa moyo waliotoka hospitali Marekani. Waliokuwa na wanyama nyumbani walikuwa 53, na baada ya mwaka walikuwa wamekufa 3. Wasiokuwa nao walikuwa 39, wakafa 11. Idadi inashtua, lakini huenda mtu mwenye nguvu za kufuga ni yule ambaye tangu mwanzo ni mzima kidogo kuliko mwenziwe. Na Friedmann mwenyewe aliporudia miaka ya tisini na wagonjwa wengi zaidi, waliofaidika kwa kuonekana wazi ni wenye mbwa, ambao bila shaka hutembezwa. Wenye paka haikuonekana hivyo. Kwa hiyo sitakuahidi kwamba Bamvua atarefusha umri wa mtu. Umri una mwenyewe. Naangalia tu kwamba paka wenu anamtembeza mavyaa kila asubuhi, kazi ambayo kwa kawaida ni ya mbwa.

Kutokana na hayo, nakuagiza jambo ambalo hukuliuliza. Mrudishie mavyaa jiko, japo kwa sehemu. Mwambie mahamri yako hayaumuki, aje akuonyeshe. Wewe ni mjamzito, kuna harufu usizozistahimili asubuhi. Mwombe akuondolee kukaanga vitunguu. Na mapema, si mwezi wa tisa, mwambie kwamba arubaini yako unamtegemea yeye: uji wa pilipili manga, kukandwa, kumwogesha mtoto. Uone uso wake.

Watakaosoma hapa, tafadhali msikimbilie kumnunulia kila mzee paka. Mavyaa huyu hakuletewa. Alimsikia mwenyewe akilia, akashuka. Mzee asiyependa wanyama ukimtupia paka umemwongezea adha. Wengine wa kwao ni kuku wawili uani, njiwa darini, au mche wa mrehani... mradi kitu kinachomngoja asubuhi. Na aliyechoka mwili, asiyeweza hata kuinama, asipewe cha kumlisha. Apewe mtu wa kuzungumza naye.

Turudi kwa mume wako. Pesa za samaki ni hoja, bei tunaziona sote. Lakini vichwa na utumbo wa samaki ni vitu ambavyo muuzaji mara nyingi hutoa kwa bei ya bure kwa mteja wa kila siku, na mavyaa wako kwa kugombana kwake ameshakuwa mteja wa kila siku. Maziwa msimpe Bamvua. Paka wakubwa wengi huwaharisha, na hiyo ni gharama mbili. Na hao wa barazani wanaomtania, mume wako awakumbushe hadithi ya Kabsha binti Ka'b. Huyu naye alikuwa mke wa mwana, kama wewe. Alimtilia maji ya udhu bavyaa wake, Abu Qatada, akaja paka anataka kunywa, na mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akabaki anamtazama. Abu Qatada akamwambia kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wenye kuzunguka kati yenu. Hadithi hiyo imo katika Abu Dawud na Tirmidhi, wakaisome wenyewe. Ile ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, hiyo wanaijua. Wifi naye asomewe.

Na huo mpango wa wifi, mbali na dhambi yake, ni mpango mbovu tu. Gunia linalolia halipiti Ndia Kuu mchana bila mtu kuuliza, na kwenye feri mtasimama nalo katikati ya umati. Fundi cherehani wenu wa chini atalijua kabla hamjafika Likoni. Mavyaa atapita vichochoroni akiita "Bamvua, Bamvua", na jioni atajua nani aliyefanya. Atakuwa amefiwa mara ya pili, safari hii na watoto wake mwenyewe wakiwa wamehusika. Mwiteni wifi, mkae naye, mavyaa akiwepo. Yazungumzwe mbele yake habari za mtoto na za mimba. Ni mtu mzima, na kwa ninavyomwona kwenye barua yako, atakuwa wa kwanza kukubali paka akae darini mjukuu akija.

Yamebaki ya Bamvua mwenyewe. Ni jike, na paka hubeba mimba miezi miwili tu. Msipomfunga kizazi, kabla ya wewe kutoka arubaini mtakuwa na paka sita na wifi atakuwa na hoja. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na kukiambukiza. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti au daktari yeyote wa wanyama. Akimng'ata au kumparura mtu vibaya, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mtu aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia sindano. Na kwenye ngazi ile muweke taa. Mzunguko huo wa miguuni uliousifia ndio unaowaangusha wazee: Marekani kati ya 2001 na 2006 walihesabu majeruhi zaidi ya 86,000 kwa mwaka walioanguka kwa sababu ya mbwa na paka wao. Wengi walikuwa wa mbwa, lakini ngazi za mbao za Mji wa Kale, zilivyosimama, nazijua. Kikengele kidogo shingoni kitamwambia mavyaa paka yuko upande gani.

Kwa daktari wa mifugo mwende mwezi huu, ukiwa bado unaweza kupanda na kushuka. Kikapu abebe mume wako, apite nacho palepale barazani.

Mama Mkubwa